Usiku wa Lamu: Namna Mgeni Atakavyoupata Muziki wa Mji

Mgeni anayeshuka Lamu akitafuta ukumbi wa dansi wenye tikiti mlangoni atauzunguka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, mpaka miguu ichoke. Mji huu wa Kiislamu, ambao Mji wake wa Kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, haukuzoea kuutembeza muziki wake kwa wapita njia. Muziki upo, tena mwingi, ila una wenyewe: ni wa harusi, wa Maulidi, wa tamasha, au wa shughuli ya mtaa fulani. Kwa hiyo anayetaka kuusikia hana budi kupanga safari yake kwa kalenda, na akishafika aulize watu.

Kwa upande wa kalenda, hakuna kipindi kinachoshinda Maulidi ya Mfungo Sita, yaani Rabi'ul-Awwal, ambayo kilele chake kwa kawaida huwa katika juma la mwisho la mwezi huo. Kwa kuwa mwezi ni wa kuandama, shughuli hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kawaida, na anayekata tiketi kwa kufuata tarehe za mwaka uliopita hukuta majamvi yamekwisha kukunjwa. Tamasha la utamaduni la Lamu nalo kwa kawaida huwa Novemba, nalo humfaa mwenye siku chache, kwani ngoma nyingi hukusanywa mahali pamoja. Ramadhani ni mwezi wa kuuepuka ikiwa nia yako ni muziki: mji hukesha baada ya tarawehi, vyakula ni vya kupigiwa mfano, lakini taarabu na harusi husimama.

Wakati wa Maulidi, elekea mtaa wa Langoni, kwenye Msikiti wa Riyadha. Msikiti huu unafungamana na jina la Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija katika Komoro, ambaye aliyaingiza matwari, ngoma za kushikwa mkononi, katika usomaji wa Maulidi ingawa wapo wanazuoni wa mji waliopinga ngoma kupigwa msikitini. Leo matwari hayo ndiyo wanayoyafuata wageni kutoka pwani yote na nje ya Kenya. Asiye Mwislamu asiingie ndani bila kukaribishwa, wala hana haja ya kuingia, kwa sababu goma, ngoma ya wanaume, huchezwa nje. Wanaume husimama kwa safu, kanzu na kofia, bakora mkononi, nao huyumba pamoja taratibu sana hivi kwamba mgeni anaweza kudhani bado hawajaanza. Mpiga zumari hupita akiwa amejaza mashavu pumzi ili sauti isikatike anapovuta hewa puani, na ukisimama karibu naye utaona mashavu hayo yakipungua na kujaa tena huku sauti ikiendelea vilevile. Kaa hapo nusu saa nzima kabla hujaamua kama unaipenda ngoma hii. Wanaoondoka mapema huwa wameona viungo vikitikisika tu, hawajaona namna safu inavyofuatana.

Kirumbizi, mchezo wa fimbo, ni jambo jingine. Wawili huingia katikati ya duara na fimbo zao, mmoja hupiga na mwenzake hukinga, na ngoma huenda mbio zaidi kadiri pambano linavyopamba moto. Simama nyuma ya wazee, maana wao wanajua fimbo inafika wapi, na ukipewa fimbo kwa mzaha, irudishe kwa adabu isipokuwa kama kweli unajua kukinga.

Sasa tuje kwenye taarabu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sababu kubwa ya kukesha Lamu. Huu ndio mji alikozaliwa Zein l'Abdin, bingwa wa udi, ala ya nyuzi ya taarabu, aliyefariki mwaka 2016, na ni vyema usikilize kanda zake kabla ya kusafiri ili sikio lizoee mwendo wa udi na mashairi yenyewe. Taarabu ya kusikiliza ana kwa ana utaipata zaidi katika harusi. Usiende bila kualikwa. Mwulize mwenye nyumba uliyofikia au mpishi wake, anza kwa shikamoo na habari za watu wa nyumbani, kisha sema waziwazi kwamba ungependa kuhudhuria ikiwa kuna shughuli na wenyewe wataridhia. Vijana wa ufuoni pia watajitolea kukupeleka harusini kwa malipo. Jibu zuri ni kuuliza ni harusi ya nani na nani amekualika, na asipokuwa na jibu, mshukuru na uachane naye.

Shughuli za wanawake ni za wanawake peke yao, na mwanamume asijaribu hata kuchungulia. Mgeni wa kike aliyealikwa avae nguo yake nzuri kabisa ndani na buibui au leso juu yake njiani, na simu aiache mkobani, kwa kuwa wenzake wamevua mabuibui yao wakiamini kwamba hakuna picha itakayotoka humo. Jambo hili halina mjadala. Akibahatika ataona pia vugo, ambapo wanawake hugonga pembe za nyati kwa vijiti huku wakiimba.

Kutunza, yaani kumpa mwimbaji fedha, nako kuna taratibu zake. Beba noti ndogondogo, za shilingi 50 na 100, kwani hakuna atakayekuvunjia noti ya 1000 katikati ya wimbo. Lakini tahadhari: mashairi ya taarabu yamejaa mafumbo, na anayeinuka kutunza ubeti unapofika mahali fulani huweza kueleweka kwamba anampelekea mtu ujumbe. Wenyeji hufanya hivyo kwa makusudi, na ukumbi mzima hugeuka kutazama nani amelengwa. Wewe usiyejua nani amegombana na nani, ngoja wimbo ukaribie kwisha, nenda taratibu, mpe mwimbaji mkononi, kisha urudi ulipokaa. Usipoelewa neno la Kiamu, lahaja ya Lamu, mwulize jirani yako baada ya wimbo, maana katikati yake utamkatiza raha.

Jioni isiyo na shughuli yoyote haipotei. Baada ya magharibi, nenda Mkunguni mbele ya Ngome, ule mishkaki na mkate wa mofa, kisha ukae barazani na kikombe cha kahawa chungu. Hapo ndipo habari za ngoma ya kesho hupatikana. Lolote litakalopigwa huanza baada ya isha, na mara nyingi hukawia zaidi ya saa uliyoambiwa.

Anayetaka kinywaji na muziki wa mashine aende kijiji cha Shela, ambako hoteli chache zina baa, au avuke kwenye baa inayoelea katika mkondo wa bahari. Vazi la ufuoni liishie ufuoni. Kipindi cha masika, hasa Mei na Juni, hoteli kadhaa za huko hufunga, hivyo piga simu kwanza.

La mwisho kulipanga ni kurudi. Kutoka Shela hadi mjini ni kama kilomita tatu, na kwa miguu njia ni rahisi maji yakiwa yamekupwa; siku za bamvua, yaani za maji makuu, maji yakijaa utalazimika kupanda mashua. Patana na nahodha nauli ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, kwani nauli ya usiku huwa juu, mlipe sehemu ya pili mkisharudi, na udai jaketi la kuokolea hata kama yeye hakuvaa. Chukua tochi kwa ajili ya vichochoro, kitambulisho au pasipoti mfukoni, na utazame chini unapotembea, kwa kuwa punda hulala popote na hawapishi mtu.