Somo: kupandisha kripa (mimea ya kutambaa) ukutani bila kuharibu nyumba

Habari zenu wapenda mimea. Mvua za Oktoba ziko karibu na huu ndio wakati wa kupanda, ndio mizizi ishike kabla jua la Januari halijaanza kuchoma.

Kwanza angalia ukuta, hapa ndipo wengi huharibu. Ile kripa ya ficus, ya majani madogo, hujishika yenyewe, inatoa vijizizi kwa shina vinagandia jiwe, kwa hivyo iweke kwa mawe matupu ama ukuta wa kompaundi. Plasta iliyopakwa rangi, tafadhali usiguse. Mimi niliiweka nyumba yangu ya kwanza, siku ya kuitoa ikabanduka na rangi, na vile vijizizi vikabaki vimekauka pale kama nywele, nikasugua na brashi ya waya hadi mkono ukauma na bado havikuisha. Kwa plasta panda pasheni ama bogainvilia uzifunge kwa waya.

Shimo lichimbe futi moja kutoka ukutani, kwenda chini futi moja na nusu. Ukikaribia msingi utapata kokoto na simiti ya mafundi, halafu paa linazuia mvua kufika. Udongo mwekundu debe mbili, samadi iliyooza debe moja (mbichi itachoma mizizi), kisha laza mche uegemee ukuta.

Waya ikae inchi mbili tatu mbali na plasta ndio hewa ipite, la sivyo ukuta unakaa na unyevu.

Ficus mwaka wa kwanza huenda polepole sana, usiing'oe ukidhani imekufa. Ikishashika haisimami, kwa hivyo kata kabla ifike gata na mabati, na uvae glavu, ule utomvu mweupe huwasha. Ukiona majani yamekuwa makubwa na matawi yanatokeza nje ya ukuta, hayo punguza mara moja.

MASWALI

Mwanachama, Umoja: Dada mimi niko fourth floor na landlodi hataki msumari hata mmoja, nifanyeje?
Jibu: Tumia grili ya balkoni mpenzi. Ndoo ya lita 20, toboa chini, panda pasheni moja tu na umwagilie kila siku wakati wa jua, ndoo hukauka haraka.

Mwanachama, Kasarani: Mama watoto anasema italeta nyoka.
Jibu: Nyoka hufuata panya, ndugu. Acha futi moja ya chini wazi, na usirundike mbao na mawe hapo.

Mwanachama, Rongai: Kwani hiyo ficus haipasui ukuta?
Jibu: Jiwe zima haipasui, ile mizizi ni ya kushikilia tu. Lakini kama kuna ufa itaingia na kuupanua, so ita fundi azibe jointi zote kwanza, simiti ikauke vizuri, ndio upande.

Mwanachama, Umoja: Asante dada. Na hiyo pasheni ya ndoo itazaa?
Jibu: Itazaa, ngoja kama mwaka hivi. Ikifika juu ya grili kata ncha itoe matawi ya kando, matunda hukaa huko.