Kulitafuta na kulinakili jina la tabibu wa jeshi kwenye Ukuta wa Vietnam

Ukuta wa Vietnam ulioko Washington, D.C., kumbukumbu ya Wamarekani waliokufa katika Vita vya Vietnam, una majina zaidi ya 58,000, na hakuna hata moja lililoandikwa cheo wala kazi. Tabibu kachanganyika na wapiga mizinga. Ukienda mikono mitupu utazunguka hadi miguu iume, kwa hiyo kazi kubwa ifanyike nyumbani.

Anza na jeshi alilotumikia, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Matabibu waliotembea na Marines (kikosi cha Marekani cha kushambulia kutoka baharini) walikuwa askari wa Jeshi la Wanamaji (Navy). Ukimtafuta kwenye orodha ya Marines humpati. Kosa la pili ni kupekua orodha ya waliouawa vitani peke yake. Aliyekufa helikopta ilipoanguka kwa hitilafu, au gari lilipopinduka, huwekwa kwenye kundi la vifo visivyosababishwa na adui. Ukutani, lakini, hawatengwi: muuguzi wa Jeshi la Anga Mary Klinker, aliyefariki 4 Aprili 1975 ndege ya C-5A iliyobeba watoto yatima ilipoanguka karibu na Saigon, yumo kwenye paneli (bamba la jiwe) 1W.

Kisha pata tarehe. Majina yamepangwa kwa siku ya tukio, na ndani ya siku moja kwa alfabeti. Aliyeumia Machi akafa hospitali Aprili, mtafute Machi. Walioongezwa baadaye walichomekwa palipokuwa na nafasi, basi usishtuke ukikuta mpangilio umeruka.

Andika namba ya paneli na ya mstari, mathalani 20E, mstari 45. Paneli huanza 1E kwenye kona ya katikati, zikaenda mashariki hadi 70E. Hapo mfuatano unarukia ncha ya magharibi, 70W, na kurudi katikati hadi 1W. Wa kwanza na wa mwisho wanakutana pale pale konani. Namba ya paneli imechongwa chini. Mistari huhesabiwa kutoka juu, na baadhi ya paneli zina nukta kila mstari wa kumi. Paneli za katikati zina kimo cha mita 3 hivi, kwa hiyo jina la juu mwombe mhudumu mwenye ngazi, usipande kitu chochote.

Kunakili jina kunataka mkono mwepesi. Herufi zina kimo cha milimita 13 tu, na kina chake hakifiki hata nusu milimita. Tumia karatasi nyembamba isiyo na mistari na penseli laini, 4B hivi. Mwenzako aibane karatasi pande zote mbili. Ikisogea kidogo tu, herufi zinatoka na kivuli. Laza risasi ya penseli, usugue upande mmoja kwa mpigo mfupi, ukianzia katikati ya jina. Ukikandamiza, risasi inajaza mashimo na jina linazama kwenye weusi. Mvua ikinyesha, subiri jiwe likauke, la sivyo karatasi inachanika kwenye kingo za herufi.

Ukitaka kuacha kitu, maua yatatupwa yakinyauka. Barua au picha hukusanywa na walinzi wa hifadhi, basi andika nyuma yake jina, paneli na mstari, kwa penseli: wino ukilowa unasambaa.