Ukitoka kazini jioni na nyumba bado inakungoja

Wadada wenye mmeajiriwa na mko na mabwana na watoto, hii nawaandikia nyinyi. Mimi nakaa Mamboleo hapa Kisumu, kazi iko tao, nikitoka ofisini na hiyo foleni ya Kondele nafika nyumbani saa moja usiku, na kwa muda mrefu hapo ndio siku yangu ya pili ilikuwa inaanza. Nilikuwa nachoka mpaka nalala na lesso nimejifunga kiunoni.

Anza hivi. Watoto wakilala, keti na mzee wako na karatasi, muandike kila kitu inafanyika kwa hiyo nyumba kwa wiki moja. Si kupika na kufua tu. Nani anajua gesi inakaribia kuisha, nani anakumbuka tarehe ya kliniki, nani anajibu mwalimu kwa WhatsApp, nani anajua soksi za shule zimebaki ngapi. Sisi tulijaza kurasa mbili na Baba Nanii akanyamaza kabisa. Si ati ni mtu mbaya, ile kazi ilikuwa kichwani mwangu na ya kichwani hakuna mtu huiona.

Alafu usimwambie akusaidie. Mpe kazi nzima, uiachilie. Wangu alichukua asubuhi yote ya shule: yunifomu, viatu, chai, kupeleka watoto steji. Wiki ya kwanza mtoto akaenda na sweta chafu na nikanyamaza, iliniuma lakini nikanyamaza, ju hapo ndio wengi wetu tunaharibu, tunampa mtu kazi alafu tunamfuata nyuma tukirekebisha mpaka anaturudishia. Na mama mkwe akikuja akute kijana wake anapiga pasi, wacha mzee mwenyewe aongee na mamake.

Chakula, pangia Jumapili. Kibuye siku hiyo soko imejaa, enda mapema. Maharagwe loweka Jumamosi usiku, chemsha, gawa kwa mikebe, weka friji. Omena chambua zote mara moja, osha na maji moto, kaanga zikauke, katikati ya wiki unatupia tu nyanya na kitunguu. Lakini kile kimeniokoa zaidi ni mboga ya kienyeji. Mama zetu walijua hii kitu kitambo: osuga, yaani managu, unaichemsha, unaiongeza maziwa, kesho unapasha na kuongeza tena kidogo, na kufikia Jumanne ule uchungu umepungua na ni tamu kuliko siku ya kwanza. Jioni unasonga ugali tu, dakika ishirini watu wanakula. Kama huna friji ipashe mpaka ichemke kila siku, asubuhi na jioni, usiiache hivi hivi na hili joto letu.

Yunifomu za wiki nzima pigeni pasi hiyo Jumapili stima ikiwa iko.

Kama uko na dada wa kazi, tafadhali, yeye pia ni mwanamke ameajiriwa. Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 inampatia siku moja ya kupumzika kwa kila siku saba, na likizo ya siku 21 kwa mwaka, na mshahara ukifika tarehe mpe, usimwambie ngoja. Ukimchosha ataenda, na utaanza kuomba ruhusa ofisini kila wiki.

Na kama mnatarajia mtoto: mama ana miezi 3 ya likizo na mshahara kamili, hiyo wengi wanajua, lakini baba naye ana wiki 2 za kulipwa kwa sheria hiyo hiyo. Mwambie apeleke barua mapema na azichukue zote, akae nyumbani, si aende kujenga ocha. Wetu wa pili alipozaliwa mzee alikaa zote mbili, na yeye ndiye amekuwa akiogesha huyo mtoto mpaka leo.