Kusini mwa Italia ukiwa peke yako, umri umeenda na gari huna: mambo ya kuzingatia kabla

Wazee wenzangu, hasa nyie mnaokwenda Ulaya kuwaona watoto afu mnatamani wiki mbili za kwenu wenyewe, kusini mwa Italia inawezekana kabisa bila gari na bila mtu wa kukuongoza. Ila sio kama Roma na Milano ambako treni zinafuatana, ukikosa hii unapanda ile. Kule kusini ukikosa basi la mchana unaweza ukakaa mpaka jioni, na ikiwa ni Jumapili ndo kabisa. Kwa hiyo kabla hujaanza kuangalia picha za Positano, kile kijiji cha pwani karibu na Napoli, amua kwanza utalala wapi, maana kwa asiye na gari mahali pa kulala ndo panaamua mengine yote, na hapo ndo watu wengi wanapanga kinyumenyume, wanachagua vijiji vizuri kumi afu wanaanza kutafuta namna ya kuviunganisha.

Mi nashauri hivi, chagua mji wenye stesheni kubwa, kaa hapo siku nne tano bila kuhama, vijiji uende asubuhi na kurudi jioni na kimkoba tu begani. Kwa Puglia, mkoa ulio kwenye kisigino cha Italia, mji huo ni Bari. Bari Centrale inakutanisha karibu reli zote za mkoa: treni za Trenitalia, kampuni ya taifa, zinazofuata pwani kwenda Polignano a Mare, Monopoli, Ostuni, Brindisi mpaka Lecce, afu kuna kampuni ya Ferrovie del Sud Est wanaokwenda ndani Alberobello kwenye zile nyumba za mawe zenye paa zilizochongoka, Locorotondo na Martina Franca, na kuna kampuni nyingine ya reli, FAL, wanaokwenda Matera, mji wa mapango. Na mji wenyewe ni tambarare, magoti yatakushukuru. Hata uwanja wa ndege una treni mpaka Bari Centrale.

Kwa upande wa Napoli watu wote wanakimbilia Sorrento na Positano, mi nasema lala Salerno. Treni za kasi zinafika mpaka pale, kuna njia pana ya kutembea kando ya bahari, na boti za kwenda Amalfi na Positano zinaondokea gati iliyo karibu na stesheni kuanzia majira ya kuchipua mpaka mwanzoni mwa vuli. Boti ni bora mara mia kuliko basi la ile barabara ya pwani, ambalo linajaa, linapinda kona baada ya kona na mara nyingi utasimama njia nzima. Positano yenyewe ni ngazi tupu kutoka baharini mpaka juu, nenda ukaione, kula samaki, rudi Salerno ukalale. Sicilia gawanya mara mbili, Palermo kwa magharibi na Catania kwa mashariki, maana kutoka Catania reli ya pwani inakupeleka Siracusa upande mmoja na Taormina upande wa pili.

Ukishachagua mji chagua nyumba, na usidanganywe na picha ya baraza. Muulize mwenye nyumba mambo matatu kwa maandishi kabla hujalipa: ghorofa ya ngapi, lifti ipo na inafanya kazi, na kutoka stesheni mpaka mlangoni kuna ngazi au mlima. Majengo ya zamani mengi hayana lifti kabisa, na Napoli kuna mengine lifti yake inataka sarafu kila ukipanda.

Halafu ujue jina la stesheni sio lazima liwe mji wenyewe. Stesheni ya Ostuni iko chini bondeni, mji mweupe uko juu ya kilima kama kilomita 3 hivi, unahitaji basi la mji. Taormina-Giardini iko ufukweni na Taormina yenyewe iko juu kabisa. Kila mji unaotaka kwenda fungua ramani, pima umbali wa stesheni mpaka katikati ya mji, uangalie na mwinuko. Hii kazi ifanye nyumbani umekaa, sio juani umeshika begi.

Sasa Jumapili. Treni za Ferrovie del Sud Est kwa kawaida Jumapili hazitembei, yanabaki mabasi machache, na usafiri wa Matera nao unapungua. Jumapili basi iwe siku ya mji uliolala, kanisa, bahari, chakula kirefu cha mchana. Kwenye ratiba jifunze maneno matatu tu: feriale ni Jumatatu mpaka Jumamosi (ndiyo, na Jumamosi imo), festivo ni Jumapili na sikukuu, scolastico ni siku za shule peke yake. Hilo la tatu ndo linawaponza wageni, basi limeandikwa saa saba na nusu, umefika kituoni mapema, kumbe ni Julai shule zimefungwa na basi halipo. Stesheni nako ubao wa njano ni wa treni zinazoondoka, mweupe ni wa zinazofika.

Angalia pia sikukuu zinazoangukia kwenye tarehe zako. Tarehe 15 Agosti, wanaiita Ferragosto, Italia nzima iko pwani. Kuna 25 Aprili, 1 Mei na 2 Juni, afu kila mji una mtakatifu wake: Bari wanamsherehekea San Nicola mwezi Mei na tena 6 Desemba, Palermo Santa Rosalia katikati ya Julai, Catania Sant'Agata mwanzoni mwa Februari, Napoli San Gennaro 19 Septemba. Ni siku nzuri mno kuziona ukiwa umeshafika na umeshapata chumba, ila sio siku ya kuhama mji.

Migomo nayo ipo na ni ya kawaida, neno lake ni sciopero. Uzuri inatangazwa kabla, na siku za kazi treni za mikoa zinabakiza huduma saa 12 mpaka 3 asubuhi na saa 12 mpaka 3 usiku. Kwa hiyo siku ya ndege ya kurudi usiipangie safari ndefu ya treni, lala usiku wa mwisho kwenye mji wenye uwanja.

Tiketi. Ya karatasi ya treni ya mkoa igonge kwenye kimashine cha stesheni kabla hujapanda, na kama umenunua kwa simu kuna kuthibitisha kwenye apu siku ya safari, usipofanya hivyo ni faini, na mkaguzi hajali kwamba we ni mgeni. Tiketi za mabasi zinauzwa kwenye maduka ya tumbaku yenye alama ya herufi T, au kwenye baa. Nunua ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, kwa sababu kijijini lile duka linafungwa mchana na dereva anaweza asiuze.

Kuna njia mbili nitazieleza zaidi maana ndo zinaulizwa sana. Ya kwanza ni treni ya Circumvesuviana, Napoli kwenda Pompei na Sorrento. Imechakaa, inajaa, na wezi wa mifukoni wapo kweli. Watu wengi wanapandia Garibaldi chini ya stesheni kuu na wanasimama, we nenda mwanzo wa njia Porta Nolana, ni mwendo mfupi kwa miguu, utapata kiti. Mawe ya barabara za Pompei ni makubwa na hayako sawa, kwa mwenye fimbo au nyonga mbovu ni mateso, lakini kuna njia iliyosawazishwa ya zaidi ya kilomita 3 inayoanzia mlango wa Piazza Anfiteatro, na stesheni ya karibu na mlango huo ni Pompei Santuario, sio Pompei Scavi wanayoshuka watu wote. Na tangu Novemba 2024 wanaingiza watu wasiozidi 20,000 kwa siku na tiketi ina jina lako, hivyo nunua mapema na ubebe kitambulisho.

Ya pili ni Matera. Watu waliishi kwenye mapango ya Sassi, ile mitaa ya kale ya mji huu, mpaka miaka ya 1950 serikali ilipowahamisha, leo ni urithi wa dunia. Treni ya FAL kutoka Bari mara nyingine inagawanyika Altamura, mabehewa mengine yanakwenda kwingine, kwa hiyo ukipanda tu uliza hili ndo la Matera? Ukishuka Matera Centrale ni dakika chache mpaka Piazza Vittorio Veneto, na pale uwanjani kuna roshani unaona Sasso Barisano, mmoja wa mitaa hiyo, chini yako bila kuteremka huko. Ukiwa na nguvu teremka, usipokuwa nayo umeshaona.

Msimu: Aprili mpaka mwanzo wa Juni, au mwisho wa Septemba na Oktoba. Usiseme sisi tumezoea jua. Tarehe 11 Agosti 2021 karibu na Siracusa walipima nyuzi 48.8, rekodi ya Ulaya nzima, na ukisubiri basi kwenye kituo kisicho na kivuli huku unatumia dawa za presha mwili hauna mchezo. Mchana maduka yanafungwa, we nawe rudi ukapumzike, jioni ndo mji unaamka.

Makaratasi yaanze mapema. Kwa pasipoti za kwetu unahitaji viza ya Schengen, na ile ya Uingereza haikuingizi Italia, wengi wanaotembelea watoto London wanalijua hili wakati umeshapita. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla na mwisho siku 15 kabla, ada euro 90. Kama utakaa Ujerumani kwa mwanao siku nyingi kuliko Italia, basi unaomba kwa Wajerumani. Bima ya matibabu ya safari lazima ifike euro 30,000, lakini kwa umri wetu usinunue kwa kuangalia namba hiyo tu, soma kama wanakubali umri wako na wanasemaje kuhusu presha, sukari au moyo uliokuwa nao tangu nyumbani, maana hapo ndo bima nyingi zinajitoa.

Dawa beba za safari nzima na za wiki moja zaidi, kwenye begi la mkononi, pamoja na barua ya daktari yenye jina halisi la dawa sio jina la kampuni. Maduka ya dawa yana msalaba wa kijani, yakifungwa mlangoni kuna karatasi inayotaja lililo zamu. Dharura ni 112.

Pasipoti tembea nayo, polisi ana haki ya kumwuliza mgeni hati zake na ni bora umalizane naye pale pale kwa upole. Uwe na euro ndogondogo za choo cha stesheni, basi na kodi ya kulala ambayo mara nyingi wanataka taslimu. Plagi zetu za pini tatu haziingii, beba kibadilishi. Kina mama tieni mtandio au kanga mkobani, kanisani mabega yanafunikwa. Na mtakaofika Palermo mkumbukeni San Benedetto, mtoto wa Waafrika waliokuwa watumwa huko Sicilia, aliyefia mji huo 1589 na kutangazwa mtakatifu 1807, wenyeji wanampenda mpaka leo.

Kwa kuwa uko peke yako, mji mpya ufike kabla ya saa 10 jioni, na watoto waachie ratiba yenye majina ya nyumba utakazolala, mkubaliane saa ya ujumbe mmoja kila siku.

Mwisho begi. Stesheni ndogo nyingi unavuka reli kwa njia ya chini yenye ngazi kushuka na kupanda, na lifti haipo. Stesheni kubwa kuna Sala Blu, wanakusaidia bure kupanda na kushuka treni ukiomba mapema, usione aibu. Lakini kule kwingine ni wewe na mzigo wako. Wiki moja kabla ya safari pakia kila kitu, panda nalo ngazi za ghorofa mbili na ushuke bila kusimama, ukihema sana toa viatu vya pili afu jaribu tena.