Jinsi ya Kupanga Matembezi ya Kuujua Mji

Wengi wanaotaka kuujua mji kwa miguu huanza kwa kuorodhesha majengo mashuhuri, kisha wakayaunganisha kwenye ramani kwa njia fupi kuliko zote. Matokeo yake ni siku nzima ya kukimbilia vituo, na sehemu kubwa ya mwendo hupita kando ya barabara kuu zenye kelele na vumbi. Ni afadhali kuanza na mstari mmoja uliouumba mji wenyewe, kama vile mto, mfereji, reli iliyoachwa au ukuta wa zamani, na kuufuata, kwa kuwa mstari wa namna hiyo hukupitisha katika mitaa ya matajiri na ya wafanyakazi, penye viwanda na penye bustani, bila kuchagua pazuri tu.

Miji kadhaa imekwisha kuzichora njia hizo. Huko Boston, Freedom Trail ni njia ya takriban kilomita 4 iliyowekewa alama nyekundu ardhini, nayo huunganisha maeneo 16 ya kihistoria, hivyo mgeni hahitaji hata ramani. Jijini Paris, reli iliyofungwa mwaka 1969 imegeuzwa kuwa bustani ndefu inayoanzia karibu na Bastille, na sehemu yake ya kwanza hupita juu ya matao, usawa wa madirisha ya ghorofa. Berlin ina Mauerweg, njia ya kilomita zipatazo 160 inayofuata mahali ulipopita ukuta uliouzunguka upande wa magharibi wa mji. London nayo ina Capital Ring, mzunguko wa kilomita 126 hivi uliogawanywa katika vipande 15, na kila kipande huanzia na kuishia karibu na usafiri wa umma. Mpangilio huo wa London ndio ninaouona kuwa wa kuigwa kuliko yote, hata mahali ambapo hakuna njia rasmi: gawanya safari katika vipande, na usikubali kipande kisicho na kituo cha treni au cha basi mwishoni mwake.

Baada ya hapo, pima muda kwa uangalifu. Mtu mzima hutembea kilomita 4 hadi 5 kwa saa mahali tambarare, lakini anayesimama kusoma mabango, kutazama milango na kusubiri taa za kuvuka barabara hufika nusu ya mwendo huo tu, kwa hiyo kilomita 10 zinaweza kumaliza saa nne au tano. Anzia upande wa mbali na umalizie penye usafiri wa mara kwa mara, ili uchovu ukikupata usiwe unasubiri basi la mwisho. Mahali penye vilima, anzia juu. Asubuhi, ukielekea magharibi, jua huwa mgongoni na huangaza nyuso za majengo unayoyaendea. Jioni ni kinyume chake.

Kagua ramani kwa ajili ya vizuizi, jambo linalosahauliwa sana. Reli, barabara ya mwendo kasi na mto huweza kukulazimisha kuzunguka mbali, kwa hiyo tafuta mapema yalipo madaraja na vivuko vya waenda kwa miguu, na pia vyoo vya umma na mahali pa kupata maji. Pakua ramani kwenye simu ili uitumie bila intaneti. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea.

Njiani, acha barabara kuu mara kwa mara na upite mtaa unaokwenda sambamba nayo, ambako mara nyingi kuna kivuli zaidi na watu wanaoishi maisha yao ya kila siku. Kabla ya kuingia mitaa usiyoifahamu, waulize wenyeji ni saa ngapi inafaa kupita, na uheshimu jibu lao hata kama ramani inaonyesha njia fupi. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Ukirudi, weka alama kwenye ramani mahali uliposhindwa kupita na kona ulizoziruka, kwa maana kipande kinachofuata hupangwa vizuri zaidi kwa kuanzia hapo.