Namna ya Kuhesabu Pumzi za Mtoto Mwenye Kikohozi kwa Simujanja

Katika vijiji vya Makete, Njombe na Mufindi, ambako baridi ya Juni na Julai huja na vikohozi vya watoto, kazi ngumu ni kutofautisha mafua ya kawaida na nimonia. Eksirei iko mbali, lakini dalili moja kubwa ya nimonia kwa mtoto wa chini ya miaka 5 ni kupumua haraka, nako hupimwa kwa macho na saa. Simu ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au ya mzazi mwenyewe, inatosha kwa kazi hiyo.

Subiri kwanza mtoto atulie, kwa maana anayelia au anayenyonya hapumui kama kawaida yake na hesabu haitakuwa sahihi. Huku kwetu taabu huanzia kwenye nguo: mtoto amevishwa masweta mawili na kufungwa blanketi, na mama anaogopa kumfunua. Msihi kwa upole apandishe nguo kwa dakika moja tu hadi kifua na tumbo vionekane, karibu na mwanga wa mlango au dirisha, mbali na moshi wa jikoni.

Weka kipima muda kwenye sekunde 60, kisha hesabu kila kifua au tumbo linapopanda. Usihesabu nusu dakika na kuzidisha kwa mbili, kwa sababu watoto wadogo hawapumui kwa mpangilio mmoja. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, kupumua haraka ni pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa miezi 12 hadi kabla ya kutimiza miaka 5. Kwa yule wa chini ya miezi 2, ukipata 60 au zaidi, rudia kuhesabu.

Napendekeza pia urekodi video ya dakika hiyo, kwa ridhaa ya mzazi, simu ikiwa imeegemezwa mahali imara na kamera ikielekea kifuani bila kuonyesha uso. Faida yake ni kubwa, kwani unaweza kuhesabu upya, na muuguzi wa zahanati au daktari aliyeko Iringa au Mbeya akahesabu pumzi zilezile ulizoziona wewe. Punguza ukubwa wa video ili isimalize bando, andika umri wa mtoto kwa miezi pamoja na hesabu uliyopata, na uifute kazi ikiisha.

Hesabu ikifikia kiwango cha kupumua haraka kwa umri wake, mpeleke mtoto zahanati siku hiyohiyo, wala usimnunulie dawa dukani kwa kubahatisha. Lakini kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, usipoteze hata dakika moja kurekodi. Tafuta usafiri umwahishe kituo cha afya au hospitali.