Kushona Mbega wa Felti Mwenye Gauni la Kitenge

Mbega mweusi kwa mweupe wa misitu ya Kilimanjaro anamfaa sana anayejifunza kushona wanasesere, kwa kuwa kwa asili hana kidole gumba kamili, na hivyo mkono wake hukatwa kirahisi. Ukikosa felti, yaani kitambaa kinene cha sufu iliyoshikamana, nunua koti la sufu kwenye mitumba ya Soko la Memorial, Moshi, ulifue kwa maji ya moto hadi lisinyae. Kingo zake hazitafumuka.

Chora kiolezo cha sentimita 25, kata vipande 2 vya mwili, kisha tarizi macho kwa uzi. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 usitumie vifungo kabisa, maana anaweza kukinyofoa kimoja kikamkaba.

Unganisha vipande kwa mshono wa blanketi: choma sindano milimita 4 kutoka ukingoni, ipitishe ndani ya kitanzi cha uzi, kisha vuta taratibu mpaka uzi ulale juu ya ukingo bila kuukunja. Acha uwazi wa sentimita 5 ubavuni, ujaze sufi kidogo kidogo kwa penseli butu. Shingo ishindiliwe kuliko sehemu nyingine yoyote, la sivyo kichwa kitalala.

Mabaki ya kitenge waombe mafundi cherehani. Pima mwili uliokwisha kujazwa, wala si kiolezo, ongeza sentimita 1 kila upande na upinde kingo. Mgongoni weka kamba za kufungia, na chini yake tundu la kupitishia mkia mweupe.